Muhula Niliokuwa Baba

Likizo ya Desemba ile nilirefuka ghafla. Nilirudi katika shule yetu ya wasichana kuanza kidato cha pili nikiwa nimempita mama yangu kimo, na sauti yangu, ambayo tangu utotoni ilikuwa nzito, ilikuwa imezama zaidi. Kwaya ya shule ilikuwa imenihamisha kutoka safu ya mbele hadi ya kati, kisha hadi ya nyuma kabisa. Siku moja kiongozi wa kwaya, dada wa kidato cha nne aliyekuwa mpole hata ukamwogopa, alinishika bega akaniambia, "Wewe, nenda ukaigize."

Ndivyo nilivyoingia chama cha maigizo.

Tulifanya mazoezi ndani ya bwalo baada ya masomo ya jioni kwisha, meza zikiwa zimesukumwa ukutani, na harufu ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, ukichemka na maharagwe ikitujia kutoka jikoni na kutuvuruga akili. Mlezi wetu alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mwanamke mfupi aliyevaa raba chini ya sketi ndefu, mwenye sauti ya kufika mpaka barabarani. Alikuwa na sheria moja: mchezo wa kununua hataki. Wasichana waandike wao wenyewe, hata kama utakuwa mbaya. "Ubaya wenu ni mali yenu," alizoea kusema.

Mwaka ule mchezo uliandikwa na msichana wa kidato cha tatu aliyetoka upande wa Konza, ambako baba yake alichunga ng'ombe wa watu ranchini. Hakuwa msemaji. Angeweza kukaa nawe mezani kuanzia uji hadi chakula cha jioni asitamke neno, halafu siku nyingine ukasikia maneno yako mwenyewe yakisemwa na mtu mwingine jukwaani. Mchezo wake ulimhusu mzee mmoja anayenunua tangi kubwa la maji, jeusi, la kwanza kijijini. Mvua inanyesha, tangi linajaa, na mzee analitia kufuli. Anataka wageni walione likiwa limejaa. Kila asubuhi analigonga kwa kidole na kutabasamu, huku mkewe na binti zake wakipita mbele yake na punda, wakienda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto.

Tuliposomewa mara ya kwanza tulicheka mpaka tukashikana. Hakuna aliyelelewa Ukambani ambaye hakumjua mzee wa namna hiyo.

"Nani atakuwa Baba?" mwalimu akauliza.

Waligeuka wote kwa pamoja wakanitazama.

Mke wangu alikuwa msichana wa darasa langu kutoka Mavoko, mtoto wa mjini hasa, ambaye kwao maji yalitoka mferejini na salamu yake ilikuwa "niaje" hata kwa padri. Ilibidi nimfundishe kubeba mtungi mgongoni kwa kamba ya kupita kwenye paji la uso, kama wafanyavyo mama zetu. Siku ya kwanza alibeba mtungi mtupu na bado akaanguka chali. "Hii kitu si ya binadamu," alilalamika akiwa sakafuni. Lakini alikuwa na kipaji: alijua kununa. Alinuna vizuri hata mimi mwenyewe nikajihisi nimemkosea kweli.

Tangi tulilitengeneza kwa pete za mabomba ya plastiki, makatoni na magunia, tukalipaka rangi nyeusi. Lilikuwa kubwa na la kupendeza, ila halikutoa sauti yoyote ukiligonga. Mwandishi wetu akafikiri kidogo, kisha akamwita msichana wa kidato cha kwanza, mdogo kuliko wote, aliyekuwa akija kila siku kuomba apewe sehemu yoyote ile. Kuanzia hapo akawa anaingia ndani ya tangi na debe. Nikigonga tangi likiwa limejaa, yeye analipiga debe kwa kiganja, sauti nzito. Likiwa tupu, analipiga kwa kijiko. Aliifurahia kazi hiyo kana kwamba amepewa kuigiza malkia.

Tatizo lilikuwa mimi. Nilidhani kuwa mwanamume ni kupanua mabega, kutembea kwa miguu iliyotengana na kunguruma. Nilipoingia hivyo mara ya kwanza, wapishi walitoka jikoni kuja kutazama. Mwalimu alipiga makofi.

"Simama hapo. Huyo ni nani?"

"Ni Baba, mwalimu."

"Baba wa nani? Mimi namwona mlinzi wa benki."

Bwalo zima likaangua kicheko, na mke wangu akacheka kuliko wote.

"Umemwona wapi mwanamume anayetembea hivyo?" mwalimu akaendelea. Sikuwa nimemwona popote. "Wiki hii mnaenda nyumbani mapumziko. Chagua mwanamume mmoja, mmoja tu, umtazame. Usimwambie. Mtazame tu, halafu uniletee hapa."

Nyumbani kwetu ni Wamunyu, na mwanamume wa kutazama alikuwa mmoja. Baba yangu ni mchongaji. Kibanda chake kiko hatua chache kutoka mlango wa jikoni, na tangu nilipojitambua mlio wa tezo ndio uliokuwa ukituamsha. Alichonga twiga na vifaru vya kupelekwa Nairobi, na akipata gogo zuri, vigoda vya watu wanaojua kigoda. Nilikuwa nimeishi naye miaka yangu yote na nilidhani ninamjua. Lakini siku zile za mapumziko nilikaa kwenye gogo, nikajifanya ninasoma jiografia, nikamtazama kwa mara ya kwanza.

Niligundua kwamba haingii nyumbani kwake bila kukohoa mlangoni. Nyumba ni yake, na sisi sote tulimjua kwa mburuzo wa viatu vyake, lakini lazima asimame kidogo na kukohoa, kana kwamba anaomba ruhusa bila kutaka kuiomba. Niligundua kwamba ukimwambia jambo husema kwanza "Ati?" hata kama amesikia vizuri, na kwamba ndani ya ile "Ati?" huwa anatafuta jibu. Bega lake la kushoto limeshuka kwa sababu ya kubeba magogo. Kikombe cha chai hukishika kwa nguvu, utadhani kitatoroka. Na akichukizwa hagombi. Husimama, huangalia mbinguni kwa muda kama mtu aliyekata rufaa ya kesi yake huko juu, kisha husema "Sawa," na hapo unajua kwamba si sawa hata kidogo.

Jumapili baada ya kanisa alivua viatu vyake vizuri, akavaa vya kazi, akaelekea kibandani. Nilimfuata nyuma, bega la kushoto chini, mikono nusu imekunjwa, nikikanyaga alipokanyaga. Mama alikuwa ameketi mlangoni akipepeta ndengu. Alituona tukipita, mmoja nyuma ya mwingine. Ungo ukaanza kutikisika mikononi mwake, ndengu zikamwagika, naye akajifunika uso kwa leso.

Baba akageuka. "Ati?"

Hakuna aliyekuwa amesema neno.

"Ni ndengu tu," mama akasema ndani ya leso.

Jioni nikajikaza. "Baba, naomba lile koti lako la zamani."

"Ati?"

"Koti. Ni la mchezo wa shule."

"Mchezo gani huo unataka koti na jua hili?"

"Mimi ni mwanamume. Ni mzee mwenye tangi."

Alisimama. Akaangalia mbinguni. "Sawa," akasema, akaenda kulileta. Lilinuka vumbi la mbao. Nilipokuwa nikilikunja akaniuliza, bila kunitazama, "Na huyo mzee wako huketi wapi?"

"Kwenye kiti cha plastiki, cha bwaloni."

Hilo lilimuudhi kuliko koti. "Mtu mwenye tangi haketi plastiki," akasema. "Ambia mwalimu wako angoje. Nitachonga kigoda, nitakileta mwenyewe siku ya wazazi."

Mama akaacha kukoroga sufuria. Baba hakuwahi kuja shuleni siku ya wazazi. Alilipa karo, alinipeleka stendi, aliuliza nambari niliyoshika, lakini mambo ya kukaa kwenye hema kusikiliza hotuba alimwachia mama. Nilitaka kumwambia asijisumbue. Sikuweza, kwa sababu nilijua ni nani hasa angemwona pale jukwaani.

Niliporudi shuleni nikamwonyesha mwalimu mtu niliyemleta. Niliingia bwaloni, nikasimama mlangoni, nikakohoa. Mke wangu, aliyekuwa amejiandaa kucheka, hakucheka. Alinyoosha sketi yake na kwenda kunichotea chai ya uongo. Mwalimu alinitazama mpaka mwisho wa onyesho, kisha akasema, "Huyo sasa namjua. Anakaa jirani yetu." Mwandishi wetu, yule asiyesema, alisogea akaniuliza polepole kama angeweza kuiandika ile "Ati?" ndani ya mchezo. Tukaiweka sehemu nyingi.

Siku ya wazazi ilifika na jua lake. Tulikuwa tucheze bwaloni baada ya ripoti za walimu, watu wakiwa wameshachoka na hotuba. Nilichungulia kupitia pazia la shuka za bweni. Baba alikuwa safu ya pili, suti ya kanisani, kofia magotini. Mama alikuwa kando yake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejua jambo. Kigoda kilikuwa kimeshafika jukwaani, cha miguu mitatu, kimesuguliwa msasa mpaka kinang'aa. Wasichana walikuwa wamekipapasa wote mmoja mmoja.

Nikaingia. Nilisimama penye mlango wa katoni, nikakohoa.

Safu ya kwanza ilicheka kidogo. Kisha nikasikia kicheko kirefu chenye kukatikakatika, nikakitambua. Ni cha mama. Sikuthubutu kutazama upande ule. Nilishusha bega, nikaenda kwenye kigoda, nikapokea kikombe na kukikaba. Mke wangu akaniomba maji ya kuogeshea mtoto. "Ati?" nikasema, na wazazi wakaanza kupigana viwiko. Nilihisi wamenishika mkono, kwamba hata nikinyamaza wataningoja. Sikuwa nimewahi kuhisi hivyo mahali popote.

Tukafika kwenye tukio ambalo mzee anawaonyesha wageni tangi lake. Niligonga, na kutoka ndani debe likaitika vizuri, sauti nzito. Nikagonga tena, nikiwa nimejaa maringo, nadhani kwa nguvu kuliko tulivyozoea. Tangi likatikisika. Yule mdogo ndani akajaribu kulizuia, akaegemea upande usiofaa, na tangi likalala ubavu. Jukwaa letu la meza lilikuwa limeinama kidogo. Tangi likaanza kubingirika. Lilibingirika polepole, kwa heshima, likashuka ukingoni kwa mshindo laini, likapita kati ya safu, huku ndani yake debe na kijiko vikilia pamoja, na sauti nyembamba ikimwita Mungu, "Ngai! Ngai! Ngai!"

Mke wangu alinitazama akiwa ameacha mdomo wazi, mtoto wa Mavoko kabisa, hana tena neno la kijijini. Ndani ya kichwa changu hapakuwa na kitu. Kwa hiyo nikafanya kile ambacho baba yangu hufanya akiwa hana kitu kichwani. Nilisimama, nikaangalia mbinguni, nikakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Sawa," nikasema.

Kicheko kilichotoka sijawahi kukisikia tena. Mwalimu mkuu alikuwa akijipiga mapaja. Nami nikapata nguvu, nikaligeukia lile tangi kule chini nikaliuliza, "Hata wewe unaenda mtoni?"

Tangi lilikuwa limesimama mbele ya viatu vya baba yangu.

Alivaa kofia yake. Akainuka, akainama, akachungulia ndani na kumuuliza yule mtoto kama ameumia. Tulisikia, "Hapana, mzee, nimeketi tu." Basi baba akalishika tangi kwa mikono miwili na kulisukuma taratibu kurudi jukwaani, bega la kushoto likiwa chini. Alilinyanyua hadi juu, akapanda, akalisimamisha, akajaribu kama limekaa sawa, kama afanyavyo na kigoda. Kisha akajikuta ananitazama uso kwa uso, yeye na suti yake, mimi na koti lake.

Naapa hatukupanga. Tulikohoa wote wawili kwa wakati mmoja.

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Najua watu walisimama. Najua mama alikuwa ameegemea bega la mwanamke asiyemjua, wote wawili wakilia kwa kicheko. Baba aliangalia umati ule kwa mshangao, kisha akaniangalia mimi, koti, bega, na nikaona jambo likimfikia polepole. Nikaogopa. Akanisogelea na kusema kwa sauti ya chini, ambayo bado bwalo zima liliisikia, "Mzee, fungulia watoto maji."

Akashuka, akaenda kuketi.

Katika maandishi, mzee alitakiwa kubishana na mkewe kwa kurasa nzima kabla ya kufungua kufuli. Sikuona namna ya kubishana tena. Nilitoa ufunguo nikafungua, na mke wangu, Mungu ambariki, akanyanyua mtungi wake, akalinunia tangi, akaninunia mimi, akasema, "Tungejua, tungemwita huyo jirani zamani." Mchezo ukaisha hapo, kabla ya wakati wake, na nadhani ukaisha vizuri zaidi.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, wazazi walikuwa wakipewa soda na mandazi. Nilimkuta baba ameshika chupa kwa nguvu.

"Huyo mzee wako," akaanza.

"Ndiyo, Baba."

"Ni mtu mgumu."

"Si mgumu sana. Mwishoni anafungua."

"Hata hivyo." Alikunywa kidogo. "Mimi hukohoa hivyo?"

Kabla sijajibu, mama aliyekuwa nyuma yake alikohoa, vilevile kabisa, kwa ustadi wa miaka mingi. Baba aligeuka. Alimtazama mama, akanitazama mimi, kisha akacheka. Nilikuwa nimezoea kicheko chake cha kupitia puani. Hiki kilifungua mdomo wote, na ndipo nilipojua kwamba hana jino moja la nyuma, upande wa juu. Yule mdogo wa tangi alipita akiwa amezungukwa na wenzake wa kidato cha kwanza, akisimulia safari yake. Baba akamwita, akampa andazi lake.

Kwenye mashindano ya kaunti tulilifunga tangi kwa kamba, na kila kitu kikaenda kama kilivyoandikwa. Tulishika nafasi ya pili. Walioshika ya kwanza walistahili, walikuwa na ngoma na mavazi ya kumeremeta. Jaji alitusifu sana, ila alisema kwamba mhusika Baba "anasita mno kabla ya kujibu." Nilipompigia mama simu kumpa matokeo nilimsikia akimweleza baba hayo maneno, kisha nikasikia kwa mbali, "Ati?" Kimya kidogo. "Mtu asifikiri?" Mama aliniambia baadaye kwamba baba aliwaeleza wachongaji wenzake wote kuhusu jaji huyo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa upande wa jaji.

Yule wa Mavoko mpaka leo, tukikutana mjini, huniita mume wangu mbele ya watu na kuniuliza kama nimefungua maji.

Lakini kitu ninachokishukuru zaidi katika muhula ule kilitokea baada ya shule kufungwa. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, udongo unanuka, na mimi nilikuwa kibandani nikimsugulia baba twiga msasa. Alikuwa amechonga muda mrefu. Ghafla akasema, "Uliniiga mimi. Sasa mimi ni kitu gani cha kuigwa? Ungemwona baba yangu."

Babu alifariki kabla sijazaliwa. Hatuna hata picha yake.

"Alikuwa vipi?" nikauliza.

Baba aliweka tezo chini. Akachungulia nje kuhakikisha wenzake hawako karibu. Kisha akatoka hadi kwenye mvua nyepesi, akajikunja kidogo kiunoni, akaweka mkono mmoja mgongoni, na mwingine akaufanya kama umeshika fimbo ambayo haikuwepo. Akaja akitembea. Hakuwa baba yangu. Alikuwa mtu mwepesi, mwenye shingo ndefu ya kutafuta habari, anayeonja hewa kwa ulimi kabla ya kuongea, na macho yake yalizunguka kibandani kama anayetafuta kitu cha kukosoa. Alikiokota kipande cha mbao, akakinusa, akakitupa.

"Rudia," nikamwambia. "Hapo kwenye shingo."

Alirudia. Hakuridhika. "Hapana, alikuwa na haraka zaidi," akasema, akarudia tena. Wakati huo mama alikuwa anakuja na sinia la chai, leso kichwani kwa ajili ya mvua. Yeye alipoolewa alimkuta baba mkwe wake akiwa hai. Alimwona yule mzee mlangoni mwa kibanda, akasimama palepale kwenye matope.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa. Ila yeye angenisalimia kwanza."

Baba akafikiri. Kisha akarudi nje, akajikunja, akashika fimbo yake isiyokuwepo na kuanza upya tangu njiani, mara hii akisalimia.